Ndege Ameruka, Ndege Imeruka: Washairi na Majina Tunayoyaacha Yafe

Katika Kiswahili, uhai wa ndege hukaa katika kiambishi. Tukisema ndege ameruka, msikilizaji huona mbawa na manyoya. Tukisema ndege imeruka, huona chuma, injini na abiria waliofunga mikanda. Na wazee wa pwani waliposema ndege njema, walikusudia jambo la tatu: fali ya heri inayomkuta msafiri njiani. Neno moja, viumbe viwili na dalili moja, na sarufi yetu huvitenganisha bila kutoa jasho.

Ni sarufi ya kujivunia. Hata hivyo naona kwamba sisi watunzi tumeitegemea kupita kiasi. Tukishaandika "ndege" na kumpa kiambishi cha uhai, hudhani tumekwisha kumwona. Mashairi mengi yanayotungwa leo yana ndege asiye na rangi, asiye na sauti yake, asiyejulikana anakula nini wala anatoka wapi. Huruka tu, kwa kuwa mtunzi anahitaji kitu kiruke.

Hoja yangu katika makala haya ni nyepesi kuisema na nzito kuitenda: mtunzi wa Kiswahili awatazame ndege wa mahali anapoishi, wakazi na wa msimu, awajue kwa majina, na ndipo awafanye ishara akitaka. Tusipofanya hivyo, majina yatatutoka mikononi, na pamoja nayo tutapoteza sehemu ya hazina ya mizani na tanakali ambayo hakuna kamati itakayoweza kutuundia upya.

Tundu la ndege watano

Mpenzi msomaji, fungua diwani yoyote uliyo nayo karibu uhesabu ndege waliomo. Utamkuta njiwa akipeleka barua ya mapenzi. Utamkuta tausi akifananishwa na mpenzi. Kasuku atakuwapo, akirudia maneno ya mwenziwe. Bundi atalia juu ya paa, na mtu atakufa. Tai au mwewe atazunguka angani akiwakilisha mtawala. Baada ya hao watano, mara nyingi tundu huwa tupu.

Tazama tena hao watano. Tausi, anayesifiwa kuliko wote, asili yake ni Bara Hindi. Jina lake limetufikia kwa njia ya Kiarabu, na tausi wengi wanaoonekana pwani yetu ni wa kufugwa. Si kosa kumsifu mgeni mzuri, na wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini ni ajabu kwamba mtunzi wa Kilifi au wa Bagamoyo aweza kuandika beti kumi za tausi bila kuandika mshororo mmoja wa keremkeremu, ambaye hukaa kwenye waya wa umeme mbele ya mlango wake, kijani kama jani la mgomba, akiruka kumdaka nyuki na kurudi palepale alipokuwa.

Washairi wa zamani hawakuwa hivi siku zote. Lahaja za kaskazini zilikuwa na neno lao, nyuni, na ndilo tunalolikuta katika tungo za Lamu na Pate. Mtunzi wa Al-Inkishafi, alipotaka kutuonyesha jinsi utajiri wa Pate ulivyoporomoka, aliwalaza makinda ya nyuni katika madaka ya ukuta ambamo zamani zilipangwa sahani za thamani. Picha hiyo ina nguvu kwa sababu ni ya kweli. Ndege hufanya hivyo hasa: nyumba ikiachwa, daka huwa kiota. Mshairi aliona kwanza, kisha akafundisha.

Bundi naye anastahili kutetewa. Tumemwimba kama mjumbe wa kifo kwa muda mrefu hata watu humpiga mawe wakimwona, na kila shairi jipya linalomrudisha juu ya paa la mgonjwa huongeza jiwe moja. Lugha yetu imekwenda mbali zaidi ya hapo. Neno degedege, tunalotumia kwa maradhi ya mtoto kutetemeka na kupoteza fahamu, linabeba ndani yake dege, yaani ndege mkubwa, na neno nyuni pia limetumika kwa maradhi hayohayo. Imani kwamba ndege ndiye anayemshika mtoto imekaa ndani ya msamiati wenyewe. Madaktari hutufundisha kwamba mtukutiko huo mara nyingi hutokana na homa kali, malaria ikiwamo, na kwamba mtoto huyo ahitaji hospitali upesi. Mzazi anayemtafuta ndege wa kulaumiwa hupoteza saa ambazo mtoto hana. Anayesema kwamba maneno ya watu kuhusu ndege ni mambo ya burudani tu, na alitafakari neno hilo moja.

Mida, maji yakipwa

Nizungumzie mahali ninapopajua. Hori la Mida liko kusini ya Watamu, katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya. Mlango wake wa bahari ni mwembamba, na ndani hupanuka likawa uwanja mkubwa wa maji, matope na mikoko. Upande wa pili wa barabara ya Malindi kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, na si mbali na hapo yamesimama magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17. Kuna njia ya mbao inayoning'inia kati ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege, na fedha wanazolipa wageni husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya jirani. Kwa hiyo pale Mida, ndege humlipia mtoto shule. Hilo nalo ni jambo la kutungiwa shairi.

Atakayekwenda asiangalie saa, aangalie bahari. Maji yakijaa, ndege wa ufukweni hujikusanya kwenye sehemu chache zilizobaki kavu, wakasimama kwa mguu mmoja, vichwa mgongoni. Maji yakipwa, hutawanyika kwenye tope kama watu waliofunguliwa mlango wa soko. Siku za bamvua, maji yanapokwenda mbali kabisa, uwanja huwa mpana na ndege huwa mbali na jicho. Kwa hiyo wajuzi hupenda kufika wakati maji yanapoanza kurudi, yakiwasukuma ndege polepole kuelekea kwa mtazamaji.

Ndipo utakapomwona ndege ambaye kwa ajili yake watu hutoka nchi za mbali. Ni mweupe, mgongo wake una weusi, miguu yake ni mirefu ya rangi ya kijivu, na mdomo wake ni mweusi na mnene kuliko unavyotarajia kwa ndege wa umbo lile. Hula kaa. Katika makala haya nitamwita mlakaa, kama jina la muda tu, hadi wavuvi wa Mida watakaposikilizwa. Mlakaa huzalia katika visiwa na fukwe za mchanga za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu. Kinyume cha desturi ya ndege wa ufukweni, yeye huchimba shimo refu la zaidi ya mita moja mchangani, akataga humo, kwa kawaida yai moja tu. Yai lake ni jeupe, kwa kuwa gizani hakuna haja ya madoa ya kujificha, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Kisha, kuanzia mwezi wa Agosti, huja kwetu. Wale wa Ghuba husafiri zaidi ya kilomita 3,000. Na hata wakishafika Mida, utaona kinda aliyekwisha kuwa mkubwa akimfuata mzazi wake topeni, akidai kulishwa.

Tafakari njia hiyo. Ni njia ya majahazi. Kwa karne nyingi vyombo vya Oman na vya Ghuba viliteremka na kaskazi kuja kwetu na vikapanda na kusi kurudi makwao. Tunajua habari zao, tumezitungia mashairi, na nusu ya msamiati wetu wa bahari umetokana nazo. Mlakaa amekuwa akipita juu ya njia hiyohiyo kabla hakujapigwa msumari katika ubao wa jahazi la kwanza. Mabaharia wale na ndege huyu walijua mahali palepale pa kutokea na mahali palepale pa kufikia, na bado sisi tuna mashairi ya jahazi pasipo shairi la mlakaa.

Hapa nina neno na wenzangu wapenzi wa istilahi. Ndege hawa tumezoea kuwaita "ndege wahamaji". Sipendezwi nalo. Aliyehama amehama; amebeba mikeka na masufuria, na pengine hatarudi. Hawa hurudi kila mwaka. Kiswahili kina neno zuri zaidi, nalo ni msimu, lililotokana na neno la Kiarabu mawsim, ambalo pia ndilo lililozaa jina ambalo Wazungu walizipa pepo zetu za kaskazi na kusi. Tuwaite ndege wa msimu. Jina hilo litabeba upepo, wakati na marejeo kwa pamoja, na mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Na hata neno mgeni tulitumie kwa uangalifu. Mlakaa hukaa kwetu tangu Agosti hadi Aprili hivi, na wengi wa makinda hubaki hapa mwaka wao wa kwanza mzima. Huko anakozalia hukaa miezi michache. Basi kwao ni wapi? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu amekaa miezi minane, jembe lake ni mdomo wake, na hajamwomba mtu chakula. Yeye ni mkazi mwenye safari, kama walivyo wengi wetu wenye jamaa Maskati, Dubai na London.

Pamoja naye wamo wadogo wanaokimbia mstari wa mawimbi, hawa tunaowaita vitwitwi. Ukiwatazama kwa makini utaona kwamba jina hilo moja limefunika aina nyingi. Mmoja wao, mwenye mdomo mwembamba uliopinda chini kidogo, huzalia Siberia, kwenye pwani ya Bahari ya Aktiki, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Mida, na uzito wake kwa kawaida hauzidi gramu 100. Mwezi wa Desemba ni wa kijivu kama jivu la jiko. Mwezi wa Aprili, kabla ya kuondoka, hugeuka mwekundu wa tofali. Anayemtazama mara moja tu kwa mwaka atadhani ni ndege wawili tofauti. Anayemtazama miezi yote atajua kwamba huyu amevaa nguo ya harusi, na arusi yenyewe iko mbali.

Wakazi nao wana mafunzo yao. Husema watu: mweupe kama yangeyange. Ufukweni Mida kuna yangeyange wa aina moja mwenye sura mbili: wengine weupe kabisa, wengine wa rangi ya kijivu inayokaribia weusi, nao huvua pamoja na ni ndugu wa damu. Tashibihi yetu ya kale haikuvunjika kwa hilo. Imepata ndani yake mlango mpya ambao mshairi aweza kuupitia.

Jina hufuata mkono

Kwa nini basi tuna majina mengi ya baadhi ya viumbe, na machache ya wengine? Jibu ninaloliona ni kwamba jina hufuata mkono. Mtu hukipa jina mahsusi kile anachokishika, anachokila, anachokiuza au anachokiogopa. Tazama mikoko yenyewe. Mtu wa bara huona miti ya matope. Mtu wa pwani huona mkoko, mchu, mkandaa, muia na mlilana, kwa sababu aliikata kwa boriti, kwa rangi ya ngozi, kwa kuni na kwa mataruma ya vyombo. Tazama samaki: mvuvi hatakwambia "aina ya samaki", atakwambia changu, tafi, kolekole, nguru, chewa.

Ndivyo ilivyo kwa ndege. Wanaoliwa wana majina: kanga, kororo, kwale, tombo, ninga, pugi, tetere. Wanaoiba vifaranga wana majina: mwewe, kipanga, kozi. Mlembe ana jina kwa kuwa humwongoza mrina asali hadi kwenye mzinga. Dudumizi ana jina kwa kuwa wakulima husikia katika mlio wake habari za mvua. Lakini ndege wa topeni, asiyetegwa, asiyeiba, asiyetabiri, amebaki kitwitwi tu. Mkono haukumfikia, na jina likasita.

Hapo ndipo kazi ya mshairi inapoanzia, maana mshairi hushika kwa jicho na kwa sikio. Mkulima na mvuvi wamefanya sehemu yao. Walitaja walivyovihitaji. Kuvitaja visivyohitajika kwa chakula wala kwa biashara ni jukumu la watu wanaodai kwamba uzuri nao ni hitaji.

Tena hali imekuwa mbaya zaidi kwa sababu mkono wenyewe umeondoka shambani. Kijana anayekulia mjini hategi kwale wala hafukuzi shomoro mpungani. Majina aliyoyajua babu yake kwa kazi hayamfikii kwa njia yoyote, isipokuwa njia ya kitabu. Na akifungua kamusi, mara nyingi maelezo anayoyapata huishia hapa: "aina ya ndege mdogo". Maelezo hayo hayamsaidii mtu kumtambua ndege hata akiwa amemtua begani. Jina likishapoteza sura yake huwa ganda. Na ganda halitungiwi shairi.

Mizani iliyo tayari

Kwa wenzangu wanaopenda arudhi, nina sababu nyingine, na hii ni ya ufundi. Majina ya ndege ni miongoni mwa maneno yenye sauti tamu zaidi katika lugha hii, kwa kuwa mengi yamezaliwa na tanakali. Kwarara hujitaja mwenyewe anapopita asubuhi. Hondohondo, kororo, tipitipi na kitwitwi ni milio iliyovaa nguo ya nomino. Kigong'ota ametajwa kwa kazi yake, na ukilitamka jina polepole utausikia mti ukigongwa. Sululu, ndege wa topeni mwenye mdomo mrefu uliopinda, ana jina moja na chombo cha kuchimbia ardhi, na anayewaona wawili hao hahitaji kuelezwa kwa nini. Kanga nalo, kama wasimulizi wengi wa pwani wanavyoeleza, lilitoka kwa ndege mwenye madoadoa likaenda kwenye leso, na leso hiyo ikawa ukurasa wa methali na mafumbo. Vazi linalosema zaidi katika utamaduni wetu lina jina la ndege.

Hesabu mizani. Mbayuwayu ni mizani 4. Yangeyange ni 4. Dudumizi ni 4, hondohondo ni 4. Weka mawili pamoja, na ukwapi wa mizani 8 umekamilika bila kunyoosha wala kukata neno: "Mbayuwayu, yangeyange". Sululu na kitwitwi ni mizani 3 kila mmoja, na hukaa vizuri mwanzoni mwa mshororo. Keremkeremu, kwa mizani 6, aweza kuubeba karibu ukwapi mzima peke yake. Hakuna anayeweza kusema kwamba majina haya hayaingii katika bahari zetu. Mfano wangu mdogo ni huu:

Kitwitwi yu ufukweni, kaletwa na kaskazi,
Hana tanga baharini, hakuabiri jahazi,
Chakula chake topeni, pembezoni mwa mizizi,
Mtajeni, mtajeni, kwa jina lake la wazi.

Ubeti huu haudai ukuu. Unaonyesha tu kwamba ndege aliyetazamwa huleta vina vyake mwenyewe: kaskazi, jahazi, mizizi. Hivyo vyote vilikuwapo pale ufukweni kabla ya kalamu kufika.

Pingamizi mbili

Najua watakaosema kwamba ushairi si elimu ya wanyama, na kwamba njiwa wa shairi hahitaji kuwa njiwa wa mtini. Nakubali nusu ya kauli hiyo. Ishara ina haki yake. Lakini ishara hupata nguvu kutokana na kitu, na kitu kikisahauliwa ishara huanza kukauka. Kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda: methali hiyo humwuma yule tu anayejua kwamba kozi ni mwindaji hodari, mwenye uwezo wa kula akitaka. Kwa asiyemjua kozi, hayo ni maneno yaliyopangwa vizuri na yasiyomgusa. Tumepoteza methali ngapi kwa namna hiyo, zikiwa bado midomoni mwetu?

Wengine watasema kwamba wasomaji hawatayaelewa maneno haya. Jibu langu ni kwamba msomaji wa Kiswahili amezoea kazi ngumu kuliko hiyo. Tunamtaka aelewe istiari za kale za Mombasa, lahaja za Pemba na msamiati wa vijana wa Nairobi. Tukimwekea sululu ndani ya ubeti unaomwonyesha mdomo uliopinda ukizama topeni, atamwelewa sululu hata kama hajawahi kumwona. Kazi ya shairi ni hiyo, na hapo linaipita kamusi.

Tukusanye kabla ya kuunda

Kuna mtindo siku hizi wa kuchukua orodha ya majina ya Kiingereza na kuyatafsiri moja baada ya jingine: rangi fulani, mdomo wa namna fulani, mkia wa namna fulani. Kazi hiyo hufanywa kwa nia njema, na kwa ndege wengine haina budi kufanywa. Hata hivyo, ikitangulia, huzika jina ambalo huenda bibi mmoja wa Dabaso analitumia kila siku. Utaratibu ninaoupendekeza ni huu: tutazame kwanza, tuulize pili, tuunde mwisho. Na tunapouliza, tusiishie kwa Waswahili wa mjini. Wagiriama, Wasanya, Wapokomo, Wabajuni na Wadigo wameishi na ndege hawa, na Kiswahili hakijawahi kuona haya kukopa kwa jirani.

Nitoe mfano unaoniuma. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke yuko bundi mdogo sana, urefu wake haufikii sentimita 20, anayejificha katika vichaka vya udongo mwekundu. Anapatikana hapo na katika miinuko ya chini ya Usambara Mashariki nchini Tanzania. Dunia nzima humwita kwa jina la Sokoke, na jina letu limebebwa hata na wasioweza kulitamka. Lakini katika msitu huohuo na katika pori la Dakatcha yuko mnana wa manjano na mweusi ambaye hapatikani popote duniani nje ya kaunti ya Kilifi. Huyo, vitabu humwita kwa jina la Mwingereza, Clarke. Ni mkazi kuliko wakazi wote. Babu zake hawakuvuka bahari, hana Oman wala Siberia ya kwenda, na miti yake ikikatwa hana pa kukimbilia. Kiumbe aliye wa Kilifi peke yake hana shairi la Kiswahili linalojulikana na watu wa Kilifi. Msitu ukikosa wa kuutaja, aliye na shoka hatasikia sauti yoyote ya kumzuia. Sisemi kwamba ubeti utazuia shoka. Nasema kwamba watu hutetea wanachokijua jina.

Kwa hiyo natoa mwito kwa wasomaji wa ukurasa huu, popote mlipo. Si lazima uwe Mida. Kuna Kunduchi, kuna delta ya Rufiji, kuna Lamu, kuna bwawa nyuma ya shule, kuna mwembe uani. Chagua mahali pamoja ambapo waweza kufika mara kwa mara, maana faida iko katika kurudia. Chukua daftari. Kwa kila ndege andika mambo matano: umbo na rangi kama ulivyoviona, mlio kama ulivyousikia kwa silabi za Kiswahili, alichokuwa akikifanya, mwezi wa mwaka, na jina kama ulivyoambiwa na mtu wa hapo, pamoja na lugha au lahaja yake. Usilisahihishe jina hilo hata kama kamusi inasema vingine. Mkazi utamwona miezi yote, na ndege wa msimu utajua siku aliyofika na siku aliyoondoka. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na kalenda ambayo haijachapishwa popote.

Kisha tunga. Tunga shairi la ndege mmoja, kwa jina lake, bila kumfanya mpenzi, mtawala wala mjumbe wa kifo. Likishatoka, litume kwa wenzako pamoja na maelezo ya pale ulipomwona, ili atakayetunga baada yako apate pa kuanzia. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na kila jina huishi kwa kutajwa. Kaskazi itaendelea kuvuma, na mlakaa atafika tu, atajwe asitajwe. Hasara ya kunyamaza haitakuwa yake.